Nguchiro na Mtama wa Njano

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zenye milango, na makufuli, na majirani wa kuwasengenya, kulikuwa na kijiji kikiitwa Nyasindefu.

Kaeni vizuri, wanangu. Wewe wa nyuma, toa kidole puani. Hadithi hii hunipandisha hasira kila nikiisimulia, kwa hiyo nikipaza sauti msishtuke, si nyinyi ninaowagombeza.

Nyasindefu walikuwa na ghala moja la kijiji. Kila mavuno, kila mwenye shamba alipeleka humo fungu la mtama, mtama mweupe pee. Na desturi yao ilikuwa hii: siku moja kabla ya gulio, yaani siku ya soko, ghala linafunguliwa, na kila asiyeweza kulima anapimiwa kibaba kimoja cha mtama. Wajane, vikongwe, viwete, yatima. Kibaba chenyewe kipimo kidogo tu, bakuli la uji likizidi halizidi sana.

Pesa hazikuwapo. Mtama ndio uliokuwa pesa yenyewe. Unataka chumvi? Toa konzi ya mtama, yaani unaoenea kwenye ngumi yako. Unataka kunoa jembe? Toa konzi.

Mwenyekiti wa ghala alikuwa Mzee Kiboko. Tumbo hilo! Akitembea, ardhi inalia ndi! ndi! ndi! Chumvi yote ya Nyasindefu ilitoka kwenye dimbwi lake, na hakuna mwingine aliyeuza. Mshika funguo za ghala alikuwa Bwana Fisi, mwenye kilabu cha togwa. Na wa tatu alikuwa Nyati, mhunzi wa majembe. Nguvu anazo, lakini maneno yake hutoka polepole, mpaka wenzake wanamkatiza kabla hajafika.

Sasa upande wa pili. Alikuwapo Nguchiro. Mdogo, mwembamba, macho yanacheza huku na huku. Mjane mwenye watoto wadogo. Mumewe alikufa mlangoni mwa lile ghala, na nitawaambia alikufaje.

Siku moja, mavuno yakiwa yametoka tu, swila mkubwa alijikunja kwenye mlango wa ghala. Ssssss! Hakuna wa kuingia, hakuna wa kutoka. Kiboko alikimbilia dimbwini. Fisi alikimbilia pasipojulikana. Nyati alifunga macho, akaona inatosha. Baba watoto wa Nguchiro ndiye aliyemrukia yule swila. Wakapigana, chapu chapu, vumbi tupu. Swila akafa. Lakini na yeye alikuwa ameshaumwa, naye akafa hapo hapo.

Kiboko alilia mbele ya kijiji kizima siku ile. Alisema, "Watoto wa shujaa huyu watakula katika ghala hili mpaka wakue." Watu wakapiga makofi.

Haya. Sasa sikilizeni alivyofanya.

Siku ya kupima kibaba ilifika. Wanyonge wakaja na vikapu vyao. Bibi Kobe alitoka kwake jua halijachomoza ili awahi, maana mwendo wake mnaujua. Wakakuta mlango umefungwa na Kiboko amesimama mbele yake, Fisi kulia, Nyati kushoto.

"Hakuna kibaba," alisema Kiboko. "Leo hakuna, wala gulio lijalo. Ghala linavuja! Sisi tunatoka jasho, nyinyi mnakula bure. Mmekuwa kupe!"

"Kupe nawajua mimi," alisema Nyati huku akijikuna. "Hawa hawafanani na..."

"Nyamaza, Nyati!"

Bibi Kobe aliinua kichwa. "Mjukuu wangu, mimi nililima miaka yote hadi gamba likapasuka. Mtama wangu umo humo ndani. Leo naambiwa nakula bure?"

"Bibi, nenda ukapumzike," alisema Fisi, akacheka hi hi hi hiii.

Nguchiro akapenya mpaka mbele. Alikuwa anafika kwenye goti la Kiboko, basi.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba. Nawe rudi nyumbani."

"Uliahidi. Mbele ya maiti ya mume wangu."

"Niliahidi nikiwa na uchungu," alisema Kiboko. "Uchungu umepita. Mumeo alikufa siku moja, nyinyi mnakula kila gulio. Hiyo hesabu gani?"

Wanangu, kuna maneno mtu akikwambia hulii papo hapo. Unakauka. Nguchiro alikauka hivyo. Alirudi nyumbani, akawachemshia watoto majani, akawaambia ni mboga mpya kutoka mbali. Wale watoto walikula, na yule mdogo akauliza kama huko mbali hakuna ugali.

Kesho yake gulio likafika. Na gulio hilo lilikuwa la ajabu.

Nungunungu alikuwa na shamba lake la viazi vikuu. Alivipanga vizuri, akaketi, akangoja. Hakuna aliyekuja. Wateja wake siku zote walikuwa akina Bibi Kobe, maana viazi vikuu ni laini, na kikongwe hana meno. Jua lilipopanda Nungunungu akalala juu ya viazi vyake, akakoroma.

Kwa kuwa hakuuza, hakwenda kunoa jembe. Moto wa Nyati ukazimika, fuuu. Na kwa kuwa Nyati hakupata kitu, hakwenda kunywa togwa. Togwa la Fisi likachacha mtungini, povu linatoka kwenye mdomo wa mtungi pwapwapwa. Na Kiboko? Alikaa na chumvi yake mpaka jioni, inzi wakimzunguka.

"Mmeona?" alifoka Kiboko wakati wa kufunga. "Wavivu! Hata kununua wanaona uvivu!"

Nguchiro alikuwa amesimama pembeni na kikapu kitupu, anayatazama hayo yote. Alimtazama Nungunungu anayekoroma. Akatazama moto wa Nyati uliozimika. Akatazama lundo la chumvi. Macho yake yakaanza kucheza huku na huku, huku na huku. Kisha akacheka peke yake, kicheko cha hasira.

"Mzee Kiboko," alisema moyoni, "wewe mwenyewe ndiye utakayesema. Kwa mdomo wako huo mpana."

Akaenda moja kwa moja dimbwini. Akawakuta wote watatu wamekaa wanalalamika biashara mbaya.

"Hodi, wazee wangu."

"Umekuja kuomba," alisema Kiboko.

"Nimekuja kuwasaidia. Nimefikiri, nikaona mna haki. Kuna anayekula ghala letu. Mtama unatoka kila gulio na haurudi. Si lazima uwe umelala nyumbani kwa mtu?"

"Enhee!" alisema Fisi.

"Mimi nimechoka kuitwa kupe pamoja na wakosaji. Tumkamate mwenyewe. Toeni kibaba mara moja tu, ya mwisho. Lakini kabla ya kutoa, mtama huo niupake manjano. Uwe wa njano kabisa, mtu asiweze kuufananisha na mwingine. Gulio likiisha, tupite nyumba kwa nyumba, kijiji kizima kikishuhudia. Nyumba itakayokutwa na mtama wa njano mwingi kuliko nyumba zote, hiyo ndiyo inayokula ghala."

Kiboko akafungua jicho moja vizuri. "Na tukiikuta ni nyumba ya Kobe?"

"Hapo sisi wanyonge hatutawasumbua tena kwa kibaba."

"Na ikiwa ni yako?"

"Nafungasha wanangu, nahama Nyasindefu. Hutatuona tena."

Hapo Fisi akaanza kurukaruka kwa furaha. Walikuwa wanaudhika kila wakipita karibu na yule mjane. Akiwatazama wanamkumbuka marehemu, nao walipenda kusahau.

"Ila kuna jambo moja," alisema Nguchiro, akashusha sauti. "Siku ya gulio, wakija kwenu na mtama wa njano, msikatae. Mkikataa watashtuka, watauficha porini. Pokeeni kama siku zote. Uzeni kama siku zote."

"Una akili, shemeji!" alisema Fisi.

Nyati alikunja uso. Alikuwa anafikiri, na mtu angeweza kuona inavyomuuma. "Mmmh," alisema. "Lakini... kama sisi ndio tutakaoupokea... si utakuwa uko kwe..."

"Nyamaza, Nyati!" walisema wote wawili kwa pamoja.

Nguchiro naye alisema, "Mwacheni mjomba, amechoka." Lakini moyo ulikuwa unampiga du du du, maana Nyati alibakiza neno moja tu.

Haya. Nyasindefu walikuwa na namna yao ya kuapa. Anayeapa anaweka mguu juu ya kizingiti cha ghala, anasema neno lake kijiji kikisikia. Akilivunja, hakuna atakayemuuzia tena sokoni, wala hakuna atakayenunua kwake. Ataishi katikati ya wenzake na kikapu chake mkononi na hakuna wa kukitazama. Kwa hiyo kiapo hicho hawakukichezea.

Kesho yake kijiji kikakusanyika. Nguchiro akaweka mguu wake mdogo juu ya kizingiti.

"Nyumba yangu ikikutwa na mtama wa njano mwingi kuliko zote, nahama na wanangu."

Wengine wakaguna. Bibi Kobe akasema, "Mwanangu, usifanye hivyo," lakini alikuwa ameshafanya.

"Na wewe, mwenyekiti?" aliuliza Nguchiro. "Au kiapo ni cha wajane peke yao?"

Kiboko akaona macho yote yako kwake. Akacheka, ho ho ho, akaweka mguu wake, kizingiti kikalia kwaaa!

"Nyumba yoyote itakayokutwa na mtama wa njano mwingi kuliko zote, mwenye nyumba hiyo atajaza kibaba cha kila mnyonge kutoka kwenye stoo yake, mpaka mavuno mengine! Nimeapa mimi!"

"Nyumba yoyote?" aliuliza Nguchiro.

"Wewe husikii? Yoyote!"

"Nimesikia, Mzee. Nilitaka na wenzangu wasikie."

Basi Nguchiro akatwanga manjano. Tu! tu! tu! Akachanganya na maji kwenye mtungi mkubwa, akauloweka ule mtama wa vibaba, akautandaza uani kwa ghala ukauke. Siku nzima Fisi alimlinda asiibe hata punje. Nguchiro alikuwa anaugeuza mtama kwa mikono yake huku akiimba:

*Nenda, mtama, nenda,*
*usilale kwa mnyonge,*
*ingia kapu, toka kapu,*
*kamsalimie mnene.*

"Wimbo gani huo?" aliuliza Fisi.

"Wa kukausha mtama tu, shemeji."

Ulipokauka ulikuwa wa njano mpaka macho yanauma. Wakapimiwa, kila mtu kibaba chake. Bibi Kobe alichukua chake, akakiangalia, akamnong'oneza Nguchiro, "Mwanangu, nifanye nini nacho? Nikifiche?"

"Fanya ulichokuwa ukifanya siku zote, Bibi. Usibadilishe kitu."

"Siku zote huwa napika kidogo, kinachobaki naenda nacho sokoni."

"Basi nenda nacho sokoni."

Gulio likafika. Lo! Laiti mngeliona gulio hilo!

Bibi Kobe akaingia, taratibu, taratibu. Akamkuta Nungunungu anataka kusinzia tena.

"Hodi sokoni! Nipe kiazi, kile kilaini."

Nungunungu akaruka, miiba yote ikasimama. "Karibu, Bibi! Karibu sana! Chukua hiki, na hiki kidogo nakuongeza!" Akapokea konzi yake ya njano. Akaja kiwete mmoja, akachukua kiazi. Wakaja yatima. Viazi vikapungua, kapu la Nungunungu likawa la njano.

"Mke wangu, shika kapu!" alisema Nungunungu. "Jembe limekuwa butu, nakwenda kwa Nyati." Akakimbia huku miiba inalia chaka chaka chaka.

Moto wa Nyati ukawaka, vuuu! Ngo! ngo! ngo! Jembe likanolewa, konzi zikaingia. Nyuma ya Nungunungu akaja Kanga, ameuza mchicha wake kwa wajane, naye anataka kisu. Nyati akatoka jasho la raha. Alipoona koo limekauka akachota mtama, akaenda kwa Fisi.

"Togwa!"

"Linakuja!" Fisi hakuwa na haja ya kutafuta mtama wa kutengenezea togwa jingine, mtama ulikuwa unaingia wenyewe mlangoni. Akausaga hapo hapo, akakoroga, akapika mtungi wa pili. Togwa likawa la njano. Na kwa kuwa yeye ndiye mwonjaji mkuu, alionja, akaonja, akaonja tena.

Na chumvi je? Mboga bila chumvi utakula? Bibi Kobe alikwenda kwa Kiboko. Nguchiro alikwenda kwa Kiboko. Nungunungu, Kanga, Nyati, Fisi mwenyewe, wote walimalizia kwa Kiboko. Konzi, konzi, konzi. Wafanyakazi wake walibeba makapu mpaka stoo, wakarudi, wakabeba mengine.

"Leo soko limechangamka!" alisema Kiboko, anajipapasa tumbo. "Mnaona? Tangu tulipowatisha hawa kupe, wamechangamka!"

Nguchiro alikuwa mbele yake na konzi yake ya mwisho, anangoja chumvi. Aliuma meno. Mimi ningekuwa yeye ningesema hapo hapo, lakini yeye alikuwa na subira kuliko mimi. Akapokea chumvi, akasema ahsante, akaondoka.

Gulio lilipoisha, Kiboko akapiga ngoma. Ti! ti! ti! Kijiji kizima kikatoka.

"Tunaanza kwa Kobe!"

Wakaingia kwa Bibi Kobe. Fisi akapindua kila kitu, hata kitanda. Wakaona kiazi kilichoumwa upande mmoja. Wakaona chumvi kwenye jani. Wakaona sufuria lenye ukoko wa ugali wa njano.

"Umekula!" alipiga kelele Fisi.

"Ndiyo, nimekula," alisema Bibi Kobe. "Nilikuwa na njaa. Na sitaomba radhi kwa kula."

"Mtama uliobaki uko wapi?"

"Haukubaki."

Wakaenda kwa Nguchiro. Watoto walikuwa mlangoni wameshikana mikono. Yule mdogo alikuwa ameshaweka kikombe chake kwenye mfuko, kwa kuwa alisikia huenda watahama. Fisi akapekua mpaka kwenye majivu ya jiko. Akapata punje chache zilizoanguka karibu na kinu, za kujaza kiganja kimoja cha mtoto.

"Hizi hapa!" alisema, lakini hata yeye sauti ilimshuka.

Wakapita kwa viwete, wakapita kwa yatima. Chumvi, mchicha, kiazi, ukoko. Mtama hamna. Kiboko alianza kukasirika. "Wameuficha! Lazima wameuficha!"

"Kiapo ni nyumba zote, Mzee," alisema Nguchiro. "Tuendelee."

Kwa Nungunungu walikuta kikapu kidogo. Watu wakatazamana. Kwa Nyati walikuta kapu limejaa nusu. Nyati akasema, "Mimi nilitaka kusema tangu siku ile..." Hakuna aliyemwambia anyamaze, akashangaa, akasahau alichotaka kusema.

Wakafika kwa Fisi. Fisi akasimama mlangoni. "Kwangu hakuna haja, mimi ni mshika funguo!"

"Hebu cheka kidogo, shemeji," alisema Nguchiro.

"Nicheke nini?"

"Kwani wewe hucheki siku zote?"

Fisi akajaribu kucheka, hi hi, kidogo tu. Watoto wakapiga mayowe: "Meno! Tazameni meno!" Meno yote yalikuwa ya njano, ufizi wa njano, ulimi wa njano. Na huko ndani walikuta mtungi wa togwa la njano, na kapu limejaa.

Sasa ikabaki nyumba moja.

Kiboko aliwahi akaegemea mlango wa stoo yake. "Jua limezama," alisema, na jua lilikuwa bado linawaka. "Tutaendelea siku nyingine."

"Sogea, Mzee," alisema Nungunungu.

"Unaniambia mimi nisogee?"

"Sogea!" walisema wote.

Kiboko akasogea. Kitasa hata hawakuwahi kukigusa. Mlango ulikuwa umesukumwa sana kutoka ndani. Kra! Ukafunguka wenyewe, na mtama ukatoka chururururu! mpaka magotini mwa watu. Njano, njano, njano. Yule mtoto mdogo wa Nguchiro akazama mpaka kifuani, akaanza kuogelea.

Kisha Nguchiro akapanda juu ya lile lundo, mpaka macho yake yakalingana na ya Kiboko.

"Mwenyekiti, tumempata anayekula ghala."

"Uongo!" alinguruma Kiboko. "Mimi sijala ghala! Huu mtama nimeufanyia kazi! Nimeuza chumvi!"

"Umemuuzia nani?"

"Wateja wangu!"

"Wataje."

"Nungunungu! Kanga! Nyati! Kobe! Wewe mwenyewe ulikuja, usijifanye hukuja! Mmeuleta wenyewe kwa mikono yenu!"

"Na gulio lililopita, ulipofunga ghala, tulikuja?"

Kiboko akageuza uso.

"Sema, Mzee. Ulikaa na inzi mpaka jioni. Kwa nini hatukuja?"

"Kwa sababu..." Kiboko alirudi nyuma hatua moja. "Kwa sababu hamkuwa na kitu cha kununulia."

"Rudia. Bibi Kobe masikio yake mazito."

"HAMKUWA NA MTAMA!" alipiga kelele Kiboko, kwa mdomo wake ule mpana, mpaka ng'ambo ya mto wakasikia.

"Ndicho nilichotaka kusema mimi!" alishangilia Nyati. "Ndicho chenyewe!"

Nguchiro hakucheka. "Basi chagua, hapa mbele ya watu. Kama kushika mtama wa kibaba ni kula ghala, mla ghala ni wewe, umewashinda wote. Na kama ni biashara ya halali, basi na sisi ni watu wa halali: tulikula kidogo, tulichobakiza tukanunulia vitu, jembe likanolewa, togwa likanywewa, chumvi ikatoka. Kupe ni nani hapo? Kila kibaba ulichotupimia ulirudishiwa stoo kwako, nawe ukatutukana. Ukamtukana na aliyelala kaburini."

"Mimi... sikuapa kuhusu mtama wa biashara," alinong'ona Kiboko.

"Ulisema nyumba yoyote," alisema Nungunungu. "Tulikusikia. Vunja kiapo ukitaka, chumvi yako utailamba mwenyewe."

Kiboko akamtazama kila mmoja. Aliwaona wateja wake wote wamesimama mbele yake, na kwa mara ya kwanza akaona umuhimu wao. Akainamisha kichwa.

Siku ya kupima kibaba ilipofika tena, ghala lilikuwa wazi tangu asubuhi. Kiboko mwenyewe ndiye aliyepima, amesimama mlangoni mwa ghala, mtama ukitoka kwenye stoo yake, jasho likimtiririka. Alimpimia Bibi Kobe. Alimpimia Nguchiro, akabaki ameshika kibaba hewani kidogo.

"Husemi hata ahsante?" aliuliza.

"Ya chumvi nilisema, kwa kuwa chumvi ni yako," alisema Nguchiro. "Ya kibaba sisemi. Mume wangu alishaisema, hapo uliposimama."

Kiboko akatazama chini ya miguu yake. Akasogea pembeni, asikanyage hapo tena. Nguchiro akajitwika kapu lake, akawaita wanawe, wakaenda zao kichwa juu.

Na Fisi? Alipiga mswaki kwa majivu, kwa mchanga, kwa maganda ya ndimu. Wapi! Mkikutana naye hata leo, mwambieni acheke, mtayaona meno.

Hadithi yangu imefika mlangoni, naiacha hapo. Nanyi mkae na neno hili: anachopewa mnyonge hakipotei, hutembea sokoni mpaka kimfikie hata yule aliyekipinga.